Chini ya Kizingiti

Miaka thelathini na moja Reino alisimama shimoni
chini ya magari ya watu wa Kajaani,
nyundo ndogo mkononi, akigonga, akitega sikio.
Chuma kizima hujibu: ti!
Chuma kilicholiwa hujibu: fu,
kama mtu anayekana deni na mdomo umejaa uji.
Hapo aliandika, bila kuinua macho:
Halifai barabarani.

Leo, mstaafu, usiku wa Februari,
baridi ikipasua mbao za ukuta kwa mlio wa risasi,
mkaguzi yuleyule anatengeneza kutu.

Amevaa miwani juu ya miwani.
Datsun ya plastiki imekaa kwenye kifuniko cha jamu,
moja kwa ishirini na nne ya ile ya kweli.
Kwanza kahawia, nzito, rangi ya mashapo ya kahawa.
Juu yake dawa ya nywele, kopo aliloliacha Helvi;
akibonyeza, jikoni inarudi Jumamosi, inarudi dansi,
Helvi anauliza kama nyuma pamekaa sawa.
Halafu chumvi, punje kwa punje, kwa ncha ya kibanio,
halafu kijani, ile kijani ya mbaazi za kopo.
Ikikauka, brashi na maji vuguvugu.
Hakwangui. Anabembeleza.
Chumvi inang'oka na rangi yake
na kahawia inachungulia kama goti kwenye suruali ya mtoto.

Kutu ina adabu, angekwambia, kama angekuwa msemaji.
Haizuki tu. Huanza pale maji yalipokaa
na hakuna aliyeyauliza yanangoja nini:
chini ya utepe wa kromu,
kwenye mdomo wa tao la gurudumu,
penye mshono wa mlango.
Wanagenzi huinyunyiza kama pilipili kwenye yai.
Kikulacho ki nguoni mwako;
hakiji na tarumbeta.

Sasa anaipasha sindano motoni.
Kizingiti cha kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele.
Hapa.

Novemba, mwaka wa themanini na tatu,
Tauno, mdogo wake, aliileta,
sigara mdomoni, haijawashwa.
"Wewe ni ndugu yangu," alisema,
na nyundo ikazama hadi mpini.
Damu nzito kuliko maji, wanasema;
hawakuipima na maji ya barabara iliyotiwa chumvi.
Tauno aliikunja karatasi mara nne
akaondoka kwa miguu,
kilomita kumi na tisa za theluji iliyoanza kuyeyuka.
Tangu hapo, salamu hakuna.
Siku ya kumzika mama yao walishika kamba za jeneza moja,
huyu huku, yule kule,
wakalishusha sambamba, bila neno, bila kuyumba.

Tundu lilikuwa la kidole gumba.
Gawa kwa ishirini na nne: ncha ya sindano.
Hesabu nyepesi.
Mengine yanakataa kugawika.

Maana hukumu ilikuwa sahihi. Hata leo angeliangusha.
Ila gari lake mwenyewe lilikuwa nje, injini bado ya moto,
na hakusema:
panda, nikupeleke.

Katika lugha yangu, kutu imepungukiwa na silabi moja
iwe kutubu.
Kifini sikijui. Na Reino hasemi.

Anachovya brashi kwenye rangi ya mafuta iliyozimuliwa,
anavuta mchirizi mmoja kutoka tunduni kwenda chini,
mwembamba, unaokoma kabla ya kufika,
kama inavyochirizika kweli.
Anaigonga Datsun kwa ukucha.
Plastiki inajibu: ti! Nzima.
Reino anagonga tena, anatega sikio.

Kesho, vumbi.
Kioo cha mbele atakipaka matope chote
isipokuwa umbo la upepo mmoja, pale waipa ilipopita,
upande wa abiria.